Kodi ya nyumba au juzuu 72 za Naruto?

Shikamoo Shangazi,

Naomba usicheke kwanza, usome mpaka mwisho. Mimi ni kijana wa miaka 26, nauza duka la vifaa vya umeme hapa Moshi mjini. Naishi Pasua na mdogo wangu wa kiume aliye kidato cha tatu. Sinywi, sivuti, mkeka sibeti. Ugonjwa wangu ni mmoja tu: manga, zile hadithi za katuni za Kijapani zinazosomwa kuanzia kulia kwenda kushoto.

Nilianza na anime, yaani katuni za video zinazotengenezwa kutoka kwenye manga, nikiwa sekondari, enzi za kupeleka flashi kwenye kibanda cha muvi ujaziwe. Baadaye nikaona kusubiri katuni itengenezwe ni kuchelewa, nikahamia kwenye manga zenyewe. Naruto nimeisoma yote, sura 700, na nimeirudia. One Piece naifuata kila wiki. Zote kwenye tovuti za bure, kwenye simu hii hii yenye kioo kilichopasuka. Sijawahi kulipa shilingi, ukiacha bando.

Mwaka huu nilikwenda Arusha kwa rafiki yangu anayekaa Njiro. Sebuleni kwake ana rafu nzima ya manga za kununua, zimepangwa kwa namba. Shangazi, nilichukua moja nikakaa nayo sakafuni, wakaniita chakula nikawa sisikii. Ile picha ambayo kwenye simu unaivuta kwa vidole na bado unaiona nusu, kwenye karatasi imetandazwa kurasa mbili. Nilipomwambia kwamba mimi husoma bure mtandaoni, alinijibu kwa uso mkavu kuwa mimi ni mwizi kama wezi wengine, ila tu siruki ukuta.

Kijiweni niliposimulia ikawa kinyume. Wao wanasema mwenye akili ni mimi na mjinga ni yule wa Njiro, kwamba hao Wajapani ni matajiri na vijisenti vyangu hawavihitaji. Mmoja ana steshenari, akasema nimpelekee faili anitolee nakala na kunibania na jalada la plastiki, hakuna atakayejua.

Sasa kilichoniletea balaa. Mwezi ujao ni zamu yangu kwenye mchezo, napokea 600,000. Mimi na mchumba wangu tulishakubaliana hela hiyo ni kodi: tumepata vyumba viwili mtaa wa Soweto hapa hapa Moshi, laki moja kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Wiki iliyopita nikakutana na jamaa Instagram, yuko Dar, anauza Naruto seti kamili, juzuu zote 72, kwa 900,000. Anataka nitangulize laki sita, iliyobaki nimalizie mzigo ukifika Moshi. Amesema kuna watu wengine watatu wanaitaka.

Mchumba wangu akaona meseji. Yeye anauza nguo za mitumba soko la Memorial, hela anaijua ilivyo ngumu. Nilimwonyesha juzuu niliyoazima kule Njiro nikidhani atalainika. Akaifungua, akasema hata kufungwa imefungwa kinyume. Halafu akaniuliza: "Unataka kununua kwa kodi yetu kitu ambacho kiko bure kwenye simu yako?" Nilikosa jibu. Tangu siku hiyo tunaongea salamu na habari za kazi tu.

Shangazi, nijibu bila kunionea haya. Kusoma bure ni wizi kweli? Mtu wa kipato changu anunue manga au aendelee na simu? Na huyu dada wa watu nimwambie nini?

Msomaji wa Pasua, Moshi

Marahaba mwanangu,

Sijacheka. Nina ndugu watu wazima wanaolia machozi kwa timu ya mpira isiyojua hata majina yao, kwa hiyo kijana anayependa kitabu hanichekeshi. Ila nitaanza na jambo ambalo hukuniuliza, maana ndipo panapoungua: hiyo laki sita si hela yako.

Najua mchezo unacheza wewe, na jina lililo kwenye daftari la kijumbe ni lako. Lakini siku mlipokaa wawili mkasema hii ni kodi ya Soweto, hela ilishapewa kazi, na hela iliyopewa kazi na watu wawili haibadilishiwi kazi na mmoja aliyelala na simu saa sita usiku. Mchumba wako hana ugomvi na Naruto. Angekukuta unanunua spika, au raba, au unamkopesha rafiki, angenuna vilevile, na kwa haki yake. Lisome tena swali lake. Wewe umesikia "bure kwenye simu yako", ukakimbilia kuniuliza habari za wizi. Mimi nimesikia "kwa kodi yetu". Kwa hiyo usiende kwake na hotuba ya kutetea katuni. Siku ukipokea mchezo, nenda naye Soweto, hela ihesabiwe mbele yake, mwandikiane na mwenye nyumba. Mazungumzo ya vitabu yaanze baada ya hapo.

Sasa huyo muuzaji wa Dar, tupige hesabu yake taratibu. Naruto ya Kiingereza inachapishwa na Viz Media ya Marekani, na juzuu moja mpya ya manga za namna hiyo huko kwao inauzwa kama dola 10 hadi 12. Chukua 12: ni karibu shilingi 30,000 kabla ya usafiri. Zidisha kwa 72, unapita milioni mbili. Yeye anauza 900,000, yaani 12,500 kwa kila moja. Inawezekana, sikatai. Vitabu vilivyotumika hushuka bei sana huko nje. Watu wanahama nyumba wanatupa hata makochi. Inawezekana pia ni vya bandia, maana manga bandia zipo sokoni: wino mweusi umekuwa wa kijivu, karatasi inaonyesha upande wa pili, na kingo zimekatwa ovyo hata maneno ya pembezoni yamekosa herufi. Na inawezekana kuna picha tu, hakuna kitabu hata kimoja.

Kumpima hakuhitaji ujanja. Juzuu moja ina uzito wa kama gramu 200, kwa hiyo seti nzima inafika kilo 14 hivi. Mtu aliyewahi kuuinua mzigo huo atakuambia bila kusita unaingia maboksi mangapi. Mwombe akurekodie video akipitisha kidole kwenye migongo ya vitabu kuanzia namba 1 hadi 72 huku akikutaja jina, kisha afungue ukurasa wenye maelezo ya mchapishaji. Una ndugu Dar? Aende akavione kwa macho, na hela itoke baada ya hapo. Muuzaji akikataa yote hayo, umeshajibiwa. Na hao wateja wengine watatu nawafahamu. Ndio hao hao wanaotaka kila kiwanja, kila gari na kila simu inayouzwa nchi hii.

Tena hata vitabu vikiwa halali na kila kurasa iko mahali pake, bado nasema usinunue seti. Sababu nitazifikia.

Tuje kwenye neno lililokufuata kutoka Njiro. Rafiki yako ana hoja, ila ameibeba kwa majivuno. Hoja yenyewe ni hii. Manga nyingi unazozijua huanzia kwenye magazeti kama Weekly Shonen Jump, lililoanza 1968: karatasi duni, bei ndogo, mtu anasoma kwenye treni kisha anatupa. Mchoraji analipwa kwa ukurasa, na katika malipo hayo hayo anawalipa wasaidizi wanaomchorea majengo, miti na mistari ya mwendo. Kinachomnyanyua ni pale sura zinapokusanywa kuwa juzuu, ambapo huko Japan fungu lake kwa kawaida ni kama asilimia 10 ya bei ya kitabu. Masashi Kishimoto aliichora Naruto kuanzia 1999 hadi 2014. Kazi ya miaka 15, wiki kwa wiki, wewe umeimaliza na kuirudia, na kwako hajapata kitu. Aliyepata ni mwenye ile tovuti, kupitia matangazo yanayokurukia usoni kwamba umeshinda simu mpya au kwamba betri yako ina virusi.

Wakisema kijiweni kuwa Wajapani ni matajiri, waambie wanataja majina matano yaliyofaulu. Gazeti lile lile huwauliza wasomaji wake wanapenda hadithi ipi, na isiyopendwa hukatwa baada ya miezi michache, mchoraji akaanza upya na penseli yake. Hao hawajulikani Pasua, na hawana utajiri wowote wa kusimuliwa.

Wenyewe Wajapani wamelifikisha jambo hili mahakamani. Kulikuwa na tovuti moja iitwayo Mangamura iliyokuwa na wasomaji wengi mno. Ilizimwa Aprili 2018. Aliyekuwa akiiendesha alikamatwa Ufilipino, akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu mwaka 2021, na mwaka 2024 mahakama ya Tokyo ikamwamuru awalipe wachapishaji watatu fidia ya yen bilioni 1.7 hivi. Uone kwamba "bure" yako ilikuwa biashara ya mtu.

Mwenye steshenari mwambie asante, hapana. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za waandishi na wasanii, tangu 1994, na tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kutoa nakala za kitabu kizima cha mtu na kukibania ndicho kitu COSOTA, wale wa hakimiliki Tanzania, wanachokipigia kelele. Hata faida yenyewe siioni. Juzuu moja ina kurasa karibu 200. Kwa shilingi 100 kila ukurasa umeshafika 20,000, na ulichonacho ni bunda la weusi uliopauka. Kwa hela hiyo unakaribia kitabu chenyewe.

Ila neno "mwizi" mimi silirudii, na nitakuambia kwa nini. Ni rahisi kulitamka ukiwa umeegemea rafu iliyojaa. Msomaji wa Moshi alikuwa amesahaulika na biashara hii kwa miaka mingi. Vitabu havikuwepo madukani, na hata huduma ya Shonen Jump ya Viz, ile ya kulipia kidogo kwa mwezi, imefunguliwa nchi chache; kwa Afrika ni Afrika Kusini, sisi hatumo. Mtu aliyesoma kwenye tovuti za wizi mwaka 2014 akiwa sekondari ningemwelewa. Wewe wa leo nakuelewa kwa shida zaidi, kwa sababu njia ya halali ipo na ni bure, na nina wasiwasi hujawahi hata kuitafuta.

Inaitwa MANGA Plus. Ni ya Shueisha wenyewe, hao hao wachapishaji wa Shonen Jump, waliianzisha Januari 2019, na inafunguka hapa Tanzania. Kwenye tovuti yake unasoma sura za mwanzo na sura mpya kabisa bila kulipa. Kwenye programu yake ya simu ni zaidi ya hapo: hadithi nyingi zinazoendelea unaweza kuzisoma kuanzia sura ya kwanza, kila sura mara moja, bure. Ukitaka kurudia sura za katikati ndipo wanakudai uanachama, unaoanzia kama dola 2 kwa mwezi, na upo wa juu zaidi wenye hadithi nyingi zilizokwisha. Kiswahili bado hakimo kwenye lugha zake, utasoma kwa Kiingereza kama ulivyozoea. Ukishusha ubora wa picha kwenye mipangilio, bando nalo linapumua.

One Piece yako inatoka humo Jumapili saa 12 jioni kwa saa zetu, dakika ile ile inapotoka Japan, kwa sababu kwao hapo ni Jumatatu inaanza. Najua utaniambia nini: kwenye zile tovuti nyingine huwa inapatikana Alhamisi au Ijumaa. Ndiyo, kwa sababu imevuja kabla gazeti halijaingia sokoni, na Februari 2024 polisi wa Japan waliwakamata watu wawili kwa kuvujisha namna hiyo hiyo. Umesubiri juma zima, sasa siku mbili za mwisho zinakushinda nini? Jumapili jioni umeshatoka kanisani, umeshapiga pasi nguo za kazini, unakaa na kusoma.

Yapo manga ambayo kwa mtu wa Moshi hayana njia yoyote ya halali mtandaoni. Hapo sitakuhubiria. Ninachokataa ni kujidanganya kwamba kwa kumsifia mchoraji kijiweni umemlipa.

Na kuazima? Naona umechanganyikiwa hadi hapo, kwa maana umeniandikia habari ya kile kitabu cha Njiro kama mtu anayeungama. Mwanangu, mimi ni wa kizazi cha Sani, gazeti la katuni ambalo jina lake limeunganishwa kutoka kwa Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Ndumilakuwili na Kipepe wa marehemu Philip Ndunguru tuliwasoma watu kumi kwa nakala moja, mpaka jalada linachomoka na ukurasa wa mwisho haujulikani uko nyumba gani. Lakini nakala ile ilinunuliwa. Mtu aliyelipa ana haki ya kumwazima jirani, na jirani ana haki ya kumwazima shemeji yake. Tovuti inayotoa nakala laki moja kutoka kwenye kitabu kimoja kilichoskaniwa ni habari nyingine kabisa. Kwa hiyo cha Njiro soma kwa amani, ila kirudishe, na usikikunje mgongo.

Sasa ununue au usinunue? Nunua. Lakini nunua kama mtu mwenye mshahara wa dukani, na hapa wengi wenu mnapokosea ni kufikiri kwamba kupenda manga ni kumiliki zote. Kusoma umeshamaliza; hadithi unaijua. Kinachonunuliwa ni kitu cha kukaa nacho, cha kufungua mahali popote umeme ukikatika, cha kumpa mtu mkononi. Vitu vya namna hiyo mtu hahitaji 72.

One Piece usiiguse kabisa. Eiichiro Oda aliianza 1997, imeshapita juzuu 110 na anaendelea kuongeza nyingine kila mwaka. Kwa shilingi 30,000 ni milioni tatu na ushee, halafu utafute chumba cha tatu Soweto. Hiyo iache kwenye simu, ndiyo kazi ya MANGA Plus. Usinunue pia hadithi ambayo hujaifikisha mwisho. Nyingi zinaanza kwa moto zikafika katikati zikachoka, na juzuu za manga iliyochoka hazina mnunuzi hapa Moshi.

Cha kununua ni kifupi chenye mwisho. Death Note ni juzuu 12, na ipo hata iliyochapwa yote ndani ya kitabu kimoja chenye kurasa 2,400, ingawa kuisoma hiyo kitandani inataka mtu mwenye kifua. Fullmetal Alchemist ya Hiromu Arakawa ni 27. Huyo ni mwanamke aliyelelewa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa Hokkaido, na wewe uliyezaliwa mkoa wa migomba na ng'ombe wa ndani utaona kwa nini wahusika wake wanajua maana ya kuamka mapema. Na kama moyo umekataa kuachana na Naruto, ipo iliyochapwa juzuu tatu ndani ya kitabu kimoja: 72 zinakuwa vitabu 24, na kwa kila ukurasa unalipa kidogo kuliko kununua moja moja. Anza na cha kwanza. Kisha ruka uende kwenye ile sehemu unayoirudia kila mara, wewe unaijua. Hakuna sheria inayosema rafu lazima iwe na namba zote. Huo ni ugonjwa wa wenye rafu.

Weka kiasi, na kiasi hicho mchumba wako akijue. Kitabu kimoja kila baada ya miezi miwili au mitatu, kutoka kwenye hela yako ya mfukoni, hakuna mke atakayekigombania. Kinachogombanisha ni kile kinachogunduliwa kwenye meseji.

Kuvipata si shida kama zamani. Nairobi manga zinauzwa madukani kwa urahisi kuliko hapa, na shato za Nairobi kuja Arusha na Moshi zinapita kila siku (kuna kijana aliwahi kuniambia ndiyo maana mpaka wa nchi hizi mbili wameuita Namanga, nikamwambia akalale). Ukiwa na mtu mwaminifu kule, mwombe akununulie viwili vitatu. Kisha kuna wanaoshukia KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro: wanafunzi wa kujitolea, ndugu walio nje wanaokuja Desemba. Vitabu kumi ni kilo 2 tu kwenye begi la mtu, ukimwomba mapema na ukamlipa kabla hajasafiri. Wengine wakiondoka huacha vitabu kwa wenyeji wao, ulizia.

Na sasa nakupa siri ambayo ungeiona mwenyewe kama usingekuwa umenuna. Katika mji mzima wa Moshi, mtu anayejua kupima kitu kilichotumika ni huyo uliyemficha meseji. Anafungua beli, anashika nguo, anajua kwa vidole hii ni gredi ya kwanza na hii ni ya kufutia meza. Anajua bei ya kununulia na bei ya kuuzia, anajua muuzaji anayedanganya anavyopumua. Siku utakapopata vitabu vya mkononi, vya Dar au vya mtaa wa pili, mpeleke yeye akatazame: gundi ya mgongo imepasuka? Kuna harufu ya unyevu? Kurasa zimeliwa na mende? Apunguze bei yeye. Utaokoa hela, na yeye ataacha kuwa mtu wa kufichwa. Hata ile kauli kwamba kitabu kimefungwa kinyume, usiicheke. Ni jicho la mtu anayekagua mali. Mweleze kwamba Kijapani cha namna hiyo husomwa kutoka kulia, na kwamba zamani Wamarekani walikuwa wakizigeuza picha ziendane na kusoma kwao mpaka wapiganaji wote wakawa wanashika upanga kwa mkono wa kushoto. Atapenda hiyo.

Swali lake lililokukosesha jibu, jibu lake ni fupi, na ulipewe kodi ikiwa imeshalipwa: "Kwenye simu nasoma. Kitabu nataka kuwa nacho, ila si kwa hela yetu." Usiongeze hapo.

Mdogo wako wa kidato cha tatu naye tumtazame kidogo. Vitabu vya Viz vina alama ya umri kwenye jalada la nyuma. T ni kuanzia miaka 13, na Naruto imo hapo. T+ ni wakubwa kidogo, na Death Note ndiko iliko. M ni watu wazima. Kwenye tovuti za wizi alama hizo hazipo, na matangazo yake mengine wewe mwenyewe hutaki ayaone. Hiyo nayo ni sababu ya kuhama, kama zile za Kishimoto hazikukutosha.

La mwisho ni wazo la watu wa mchezo kama wewe. Hapo kijiweni wamo wasomaji wanne watano. Chezeni mchezo wa vitabu: kila mwezi kila mmoja atoe elfu kumi, inunuliwe hadithi moja fupi kwa vipande, kila anayepokea zamu achague kitabu kinachofuata na kibaki chake, lakini wote wasome kwanza. Kijumbe awe mtu mwenye duka, asiwe wa kuhamahama. Mwenye steshenari mpeni kazi ya kuvifunika kwa nailoni ngumu, hiyo ni halali na anaiweza. Na kabla mzigo wa kwanza haujatoka Nairobi, liandikwe kwenye daftari na wote waweke saini: anayepoteza kitabu anakirudisha kwa hela yake, na anayehamia Dar anaacha vya wenzake kwa kijumbe kabla ya kukata tiketi ya basi.

Shangazi